Upepo wa Tairi

Likizo yetu ya kwanza, na ya pekee,
baba aliazima gari la ushirika
kama watu wanavyoazima sufuria ya shughuli:
kwa haya kidogo, na ahadi ya kulirudisha limeoshwa.
Landrova ya kijani, nyuma inanuka magunia,
korosho moja ikigongagonga chini ya benchi
toka Newala mpaka tumeipita Nanyamba.
Mama alibeba ming'oko ya kuchemsha,
chumvi ndani ya karatasi,
na kanga tatu za kukaushia watu watano.

Baada ya Madimba njia iliacha kuwa njia.
Mchanga mweupe, laini kama unga uliokwisha chekechwa.
Magurudumu yakanguruma, yakazama.
Dadi akapiga kelele, "Kanyaga mafuta, baba!"
Baba akazima injini.

Akashuka, akachutama mbele ya tairi
kama anayemsalimia mtoto mdogo.
Njiti ya kiberiti kwenye valvu: ssss.
"Hesabuni mpaka sitini. Wote. Kwa sauti."
Tairi ya tatu, Somoe aliruka
kutoka arobaini hadi hamsini,
baba akaturudisha mwanzo.
Alikuwa hivyo. Hata kodi ya baiskeli
alilipa kabla hajadaiwa.

"Mchanga haumtaki mwenye kujaza kifua," alisema.
"Punguza upepo, upate unyayo mpana, upite."
Tukapita.

Ya bahari nakumbuka machache:
mama akipiga ukunga maji yalipomfika magotini,
baba, suruali imekunjwa, hakuvuka kifundo cha mguu.
Nilishakuwa mtu mzima nilipojua hakuweza kuogelea.
Alisimama pale akituhesabu vichwa,
mmoja, wawili, watatu,
mmoja, wawili, watatu,
mchana kutwa.

Somo lile nilikwenda nalo mbali.
Mume aliponguruma, nilipunguza upepo.
Ofisini Dodoma walipompa mwingine kiti changu, nilipunguza.
Mawifi, wenye nyumba, makarani wa madirishani:
ssss, ssss, moyoni nikihesabu hadi sitini.
Hakuna mchanga ulionishinda.
Watu wakanisifu, huyu mama ana subira.
Usiku nilisikia chuma kikikwangua lami.

Mwaka huu nimewaleta wanangu Msimbati.
Baba tumempakia kiti cha mbele.
Kiharusi kimemwachia mkono mmoja
na maneno matatu: maji, hapana, Esha.
Esha ni mama, na mama tulishamzika.
Nuhu ndiye dereva. Nilimwonyesha njiti,
akanionyesha kifaa chake chenye namba za kung'aa.
Sawa. Upepo ni upepo.

Tumekula pweza, tumelowa, tumegombea chaja.
Babu yao tulimweka ukingoni, kwenye kiti cha plastiki,
maji yakimlamba nyayo.
Midomo yake ilikuwa inacheza.

Jioni tukafika barabara ngumu.
Nuhu akataka tuondoke tu, giza linaingia,
tutajaza kesho, mjini si mbali.
Nami nikasema, twende. Nimezoea.

Hapo mkono ule mmoja ukagonga mlango,
mara moja, mara mbili,
kwa hasira niliyoijua.
"Jaza," alisema baba.
Hakumtazama Nuhu, wala tairi.
Alinitazama mimi.
"Jaza."

Siku ile, wakati wa kurudi, tulikuwa tumelala.
Nusu ya pili ya somo ilifanyika gizani,
pampu ya mguu, shati limelowa,
sisi tukikoroma juu ya magunia.
Newala tulifika tairi zikiwa ngumu
na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikashuka. Kifaa cha Nuhu kikaanza kunguruma.
Nikachutama, nikahesabu kwa sauti,
na kwa haraka ya giza
nikaruka kutoka arobaini hadi hamsini.

Dirishani baba akatikisa kichwa.
"Hapana."

Nikaanza upya.